Korosho Haikuwa na Kosa

Ukiishi Chinongwe, ngozi yako ikipata kasoro yoyote, mshitakiwa wa kwanza ni korosho. Ukitoka lengelenge, korosho. Mtoto akibabuka midomo, korosho. Hata mwalimu mmoja aliyehamia kwetu na chunusi zake za tangu ujana aliambiwa apunguze kukaa chini ya mikorosho. Kwa hiyo nilipotokwa na kidonda kwenye ugoko wa mguu wa kushoto sikuhitaji kumuuliza mtu. Mimi ni mbangua korosho. Nimebangua tangu binti yangu hajaota meno, na binti yangu sasa ana mume na watoto.

Kwa asiyejua kazi yetu: ganda la korosho lina mafuta mazito yanayounguza. Tunazipika korosho kwa mvuke kwenye pipa, tunazianika, halafu tunakaa kwenye mabenchi tukizipasua moja moja kwa mashine ya mkono na kuchokoa kiini. Kabla ya kuanza tunapaka mikono majivu, au mafuta ya nyonyo akiwepo mwenye nayo, lakini mafuta ya ganda ni kama umbea, yanapenya tu. Yakikurukia, ngozi inakuwa nyeusi, inakauka, kisha inabanduka. Na sisi tuna utaratibu wetu. Ngozi ile nyeusi haiachwi ianguke yenyewe, inabanduliwa. Mbanduaji ni kiongozi wa kikundi chetu, mwanamke wa mkono mwepesi, shoga yangu tangu shule ya msingi, na chombo chake ni wembe mpya uliopitishwa kwenye moto. Anainua ukingo wa ngozi iliyokufa, anaivuta, anapaka mafuta ya nazi, na siku ya nne umerudi benchi. Mikono yangu yote miwili imepita kwake mara nyingi.

Basi nikampelekea na mguu. Wakati huo kidonda kilikuwa sawa na kifungo cha shati, kingo zake rangi ya zambarau.

"Yamekurukia mafuta, shoga," akasema. "Kaa nikubandue."

Nikakaa, akabandua. Siku ya nne kilikuwa sawa na kizibo cha soda. Akasema kosa ni lake, kuna ukingo aliuacha, akabandua tena akizunguka pande zote. Wiki iliyofuata kikawa sawa na mdomo wa kikombe cha kahawa. Tukabadilisha wembe. Tukabadilisha mafuta. Mmoja akaleta unga wa mizizi, mwingine akasema ni ile salfa ya kupulizia mikorosho imeingia ndani, mwingine akasema nimekanyaga kitu cha watu. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Mguu wangu ulikuwa na wanawake kumi na wawili wa kuushauri na uliharibika vizuri tu.

Maumivu yake yalikuwa mageni. Korosho inaunguza, inawasha, halafu inakuachia uendelee na maisha. Hiki kilikuwa kinauma hata kanga ikikigusa.

Sasa niseme jambo ambalo wakati ule sikulisema, na ndilo lililotaka kuniondolea mguu. Kwa miaka mitatu nilikuwa naharisha damu. Si kila siku. Ilikuja kwa vipindi, mwezi mzima hivi, kisha inatulia mpaka naisahau. Ikija, nilikwenda chooni mara sita, mara saba kwa siku, tumbo linasokota, na kinachotoka ni damu na kamasi. Nilijitibu amiba. Maduka yote ya dawa kati ya Chinongwe na Ruangwa mjini niliyazungukia kwa zamu, ili pasiwe na muuzaji wa kuuzoea uso wangu. Nilipungua mwili. Watu wakasema nimerudi usichana, nikacheka nao. Mara mbili katika vipindi hivyo nilitokwa na vinundu mbele ya miguu, vigumu, vya moto, vinavyouma vikiguswa, na tumbo lilipotulia navyo viliyeyuka. Sikuviunganisha. Nani anaunganisha choo na ugoko?

Kwa nini nilificha? Nililelewa hivyo. Bibi yangu alitufundisha kwamba mwanamke haonekani akienda chooni, anaonekana akienda kuchuma mboga. Tulikuwa tunakwenda chooni na kisu cha mboga mkononi, wasichana watano wa nyumba moja, na siku nyingine tunarudi bila jani hata moja. Juu ya malezi hayo mimi mwenyewe nina hasira na kiburi, vyote viwili kwa kipimo cha kujaza. Ndimi niliyekuwa nikiwagombeza wenzangu wakichelewa benchi. Nisingeweza kuwa huyo na pia kuwa yule anayeharisha.

Kidonda kilipofikia upana wa kiganja, shoga yangu aliweka wembe chini. "Mimi hapa nimeshindwa," akasema. "Nenda hospitali kabla hujanifia mkononi, nikaanza kuulizwa maswali."

Wa kunipeleka ndiyo ilikuwa shughuli. Mume sina. Tuliachana kwa amani, yaani yeye aliondoka na mimi nikapata amani. Binti yangu, mwanangu wa pekee, alikuwa ndani ya arobaini ya mtoto wake wa pili. Akabaki mumewe, mkwe wangu, kijana wa Kimakua ambaye wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji, mpole, mwendesha bodaboda. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hatuli sahani moja, hatukai mkeka mmoja, hatupeani mkono. Akinikuta njiani anashuka kwenye pikipiki na kuinama. Sasa heshima yote hiyo ikabidi ipande siti moja ya pikipiki. Tulipata ufumbuzi: mimi nilikaa upande, na katikati yetu nikaweka kapu. Ndani hamkuwa na kitu. Lilikuwa kapu la heshima.

Pikipiki yenyewe ilikuwa na maradhi yake. Kabla sijalazwa tulikwenda hospitali na kurudi mara nyingi, na kila tukienda mwendo kidogo mkwe alisimama.

"Samahani mama, cheni imelegea."

Anachuchumaa upande wa pili, ananipa mgongo, anagonga na spana muda mrefu. Nami natumia nafasi hiyo kuchechemea hadi vichakani. Nikirudi, cheni imekaza, tunaendelea. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa ubovu wa chombo kile, na nikifika nyumbani namsema mkwe kwa binti yangu kwamba mumewe hajui kutunza kitu. Binti yangu alikuwa anasikiliza tu.

Hospitali tuliyoanzia siitaji, kwa sababu watu wake walikuwa wema na walikisafisha kidonda changu kwa moyo wote. Tabibu alikuwa baba mtu mzima, na aliuliza kila lililopaswa kuulizwa. Sukari? Wakapima, hamna. Kifua kikuu? Wakapima, hamna. Virusi? Hamna. Kisha akauliza, "Na tumbo, mama? Choo unapata vizuri?"

Mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika lile kapu.

"Tumbo halina neno," nikasema.

Maneno matatu tu, na yalinilaza wodini wiki tano. Kwa kuwa hawakuwa na habari ya tumbo, walifanya alichofanya shoga yangu, ila wao kwa glovu. Kila asubuhi mkasi, kingo zilizooza zinakatwa mpaka nyama nzima, na kila baada ya siku mbili nyama nzima nayo inageuka zambarau na kuoza. Mara mbili walinipeleka chumba cha upasuaji ili wakate kwa nafasi. Kidonda kikashuka hadi karibu na kifundo. Nami humo wodini nilikwenda chooni na beseni la kufulia, ionekane nakwenda kufua. Wauguzi walinisifu kwa usafi.

Wiki ya tatu, mkono wangu wa kulia, pale palipochomwa sindano ya dripu, pakatokea kipele chenye usaha. Kesho yake kikafunguka, kingo zake zambarau. Nilikaa kitandani nikakitazama kwa muda mrefu. Msimu wa korosho ulikuwa umekwisha zamani, sijagusa ganda tangu kabla ya mwaka mpya, na wodini hakuna mkorosho. Nikaanza kupanga mambo. Mguu, kila ukichokonolewa unakua. Mkono ulikuwa mzima, umechomwa sindano, umeota kidonda. Na tumbo lilikuwa limechachamaa tangu mguu uanze. Mimi shule niliishia la saba, lakini maisha yangu yote nimechambua korosho nzima na mbovu kwa macho, na najua korosho mbili zikioza pamoja ndani ya gunia moja, unatafuta maji yameingilia wapi. Hutafuti mara mbili.

Nilipoanza kutafuta maneno ya kumwambia tabibu, homa ikanipanda siku mbili nikawa sijitambui vizuri. Nilipozinduka yeye alikuwa na maneno yake tayari.

"Mama, kidonda sasa kinapanda na juu. Tukisubiri kitafika gotini, na damu itaingia sumu. Tukate chini ya goti, uokoke."

Nikasema hapana. Akatazama faili, nami nikaiona karatasi. Ilikuwa na dole gumba la wino, kubwa, limekandamizwa barabara. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu ya watoto wa dada zake ni mjomba, hata watoto hao wawe na mvi. Mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, alikuwa ameitwa kutoka Mbwemkuru wakati mimi nimelala na homa. Akaelezwa, akaweka dole, akarudi kwake bila hata kuniamsha.

Nilikasirika hadi homa ikashuka. Mguu ule nimeupalilia mashamba, nimeuchezea ngoma, nimeusimamia foleni za maji tangu utoto, halafu unapewa ruhusa ya kukatwa na dole la mtu mwingine mimi nikikoroma. Nilimwambia tabibu kwamba mwenye mguu ameamka, ingawa la tumbo aibu ilinifanya nilimeze tena. Namshukuru mpaka leo, hakubisha. Alisema kauli ni yangu, lakini muda ni mchache. Akaniambia wiki ile kulikuwa na daktari wa ngozi anayepita Nachingwea, nikamwone. Naye akisema kata, nirudi siku hiyo hiyo.

Nikalala nyumbani Chinongwe usiku mmoja, na saa moja asubuhi tukaondoka na pikipiki yetu, mimi, mkwe na kapu. Cheni ililegea kama kawaida yake. Tulipofika Nachingwea mguu ulikuwa haukanyagiki tena, ikabidi mkwe anishike bega kuniingiza kwa daktari. Hatukuwahi kugusana kabla ya siku ile. Alinishika kwa ncha za vidole, huku ametazama pembeni.

Daktari alikuwa mwanamke, kwa kumtazama ni mdogo kwa binti yangu. Akafungua bandeji, akainama, akatazama, akazunguka upande wa pili akatazama tena. Hakugusa. Alikuwa mtu wa kwanza kukitazama kidonda kile bila kutaka kukifanya kitu.

"Nani amekuwa akikikata?" akauliza.

"Kila mtu," nikasema.

Akaushika mkono wangu wa kulia. "Na hapa palichomwa sindano?"

"Palichomwa."

Akavuta kiti, akakaa tukawa uso kwa uso. "Mama, nataka unijibu lote. Tumbo lako likoje?"

Nyuma yangu nikasikia viatu vya mkwe vinaelekea mlangoni. Alikuwa anatoka kwa heshima, na ningeweza kumngoja atoke. Lakini nilifikiri hivi: nikisubiri mpaka pasiwe na mtu wa kunisikia ndipo niseme, basi nitasema nikiwa kaburini, maana maisha yangu yote pamekuwa na mtu. Leo mkwe, kesho muuguzi wa kijijini kwetu, keshokutwa shemeji. Na mguu haukuwa na keshokutwa.

"Mkwe, kaa," nikamwambia. "Mzigo huu umeubeba tangu mwanzo, usikie ni mzigo gani."

Akabaki, lakini akageukia ukuta. Palikuwa na bango la chanjo pale, akalisoma kwa bidii kubwa.

"Naharisha damu," nikasema.

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa tatu unakwisha. Inakuja, inatulia, inarudi."

"Na sasa hivi ni mara ngapi kwa siku?"

Hapo aibu ikafanya jaribio lake la mwisho. "Mara tatu," nikasema. "Pengine nne."

"Saba," ikasema sauti kutoka kwenye bango la chanjo.

Daktari akainua uso. Mkwe hakugeuka.

"Samahani sana, mama. Siku mbaya ni saba. Leo tangu tumeondoka nyumbani ni mara nne, na jua bado halijafika kichwani."

Nikauliza swali la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kuuliza. "Na cheni?"

"Cheni ni mpya, mama. Nimeifunga mwezi wa kwanza."

Daktari aliinamia karatasi zake akaandika kwa muda mrefu kuliko maneno niliyokuwa nimesema. Mimi nililia. Si kwa aibu. Aibu ilikuwa imekwisha pale pale, nikashangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi kuitua. Nililia kwa kijana yule niliyemsema vibaya miezi yote, ambaye alikuwa akipiga spana kwenye cheni nzima, jua linamchoma, ili mama mkwe wake apate kwenda kichakani na heshima yake.

Daktari alinieleza polepole. Utumbo wangu mpana una ugonjwa wa kuvimba usiokwisha. Askari wa mwili, badala ya kuulinda utumbo, wanaupiga. Na kwa watu wachache askari hao hao wanaigeukia na ngozi. Vile vinundu vya miaka ya nyuma, nilipomtajia, akasema ni wao. Kidonda cha mguu ni wao. Hapakuwa na mafuta ya korosho wala mdudu wa kukatwa.

"Na kidonda hiki kina tabia moja," akasema. "Ukikichokoza kwa kitu cha ncha kinakasirika, kinakua. Hakitaki kisu wala wembe."

"Kimerithi kwangu," nikamwambia, na mkwe akacheka kwa mara ya kwanza mbele yangu, bado ametazama ukuta.

Hakuna aliyekata kitu tena. Akaandika kwa herufi kubwa juu ya kadi yangu kwamba kidonda kisikatwe. Nikapewa vidonge vya kuwatuliza wale askari, na vifaa vya kusafishia kidonda, maji ya chumvi tu na bandeji laini. Baadaye nilipelekwa hospitali kubwa zaidi, wakanipitisha kamera mahali ambapo bibi yangu asingekubali hata patajwe, na majibu yakarudi vile vile alivyosema yeye kwa kutazama mguu na kuuliza swali moja.

Siku ya tano nililala usingizi mzima, kanga iko juu ya mguu na siisikii. Siku ya kumi zambarau ikaanza kufifia kwenye kingo. Nikawa nakaa mlangoni kila asubuhi binti yangu akifungua bandeji, sote tunainama kutazama, mpaka mjukuu wangu mkubwa naye anaingiza kichwa chake katikati. Kilikuwa kinasinyaa. Kiganja kikawa mdomo wa kikombe, kikombe kikawa kizibo. Tumbo likatulia. Nilipita wiki nzima bila kuona damu, nikamwambia binti yangu, naye akamwambia mumewe, naye akapiga honi ya pikipiki nje ya nyumba yangu bila sababu nyingine yoyote. Sikumkemea.

Sitasema ilikuwa bure. Vidonge vile viliumua uso wangu kama andazi, na njaa yake ilikuwa njaa ya watu wawili. Nilikula ugali wa mchana nikiwa natazama wa jioni. Daktari alinipunguzia taratibu, akaniachia vidonge vingine vya tumbo vya kila siku. Alinieleza wazi kwamba ugonjwa huu hauondoki, unatulizwa, na nikijifanya nimepona nikaacha dawa utarudi. Nimemwelewa. Watu hapa wanaishi na mashamba yenye nguruwe pori miaka na miaka. Hawahami, wanalinda.

Msimu wa korosho ulipoanza nilirudi kikundini. Daktari amenikataza kupasua maganda, maana ngozi yangu haitaki kuchokozwa hata kidogo, kwa hivyo sasa nachambua viini na kuvipanga madaraja. Siku ya kwanza, benchi zima likanitazama mguu. Nikaona wanangojea hadithi. Basi nikawapa, tena kwa sauti ya kuwagombeza waliochelewa: naharisha damu miaka mitatu, nilificha, na kwa kuficha nusura nikatwe mguu. Shoga yangu akainama akasema anaomba radhi kwa wembe wake.

"Iombe korosho," nikamwambia. "Ndiyo tuliyoisingizia."

Wakacheka. Mmoja, simtaji hata hapa, hakucheka. Jioni yake alikuja kwangu na kisingizio cha kuazima ungo, na alikaa mpaka tukaongea ya tumbo lake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimekiumbua kifo. Tangu hapo kikundi chetu kina sheria: jeraha la korosho likibanduliwa lisipone siku ya nne, halibanduliwi mara ya pili. Mtu anapelekwa hospitali, na kabla hajapanda pikipiki tunamuuliza tumbo lake likoje, mbele ya yeyote aliyepo.

Alibaki mjomba. Miezi yote ile sikuwa nimesema naye. Alituma salamu, nikazipokea bila kuzirudisha, jambo ambalo kwetu ni zito. Nilikuwa nimeiweka hasira yangu akiba, nimeipangia na maneno yake. Nilisubiri bandeji ya mwisho itoke, ngozi ifunge, libaki kovu jembamba lenye kung'aa. Kisha Ijumaa moja nikamwambia mkwe anipeleke Mbwemkuru. Kapu tulilisahau nyumbani, na tulipolikumbuka tulikuwa tumekwisha fika mbali, tukaendelea hivyo hivyo.

Kwenye mwinuko wa mwisho nikamwambia anishushe. Nilitaka kufika kwa miguu yangu. Mjomba alikuwa uani amekaa kwenye kigoda, ananyofoa korosho kwenye mabibo, kiwanja chote kinanukia. Amezeeka kuliko nilivyomwacha. Nikapiga goti nikamwamkia, akaitikia, kisha nikasimama nikayatoa maneno yangu.

"Mjomba, nimekuletea mguu wako. Ule ulioutilia dole."

Alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa imelowa maji ya mabibo. Kiswahili kwake ni cha ofisini na cha sokoni. Tukiwa wawili husema Kimwera, na alichosema alikisema kwa lugha hiyo, polepole.

"Walinieleza maneno mengi yule daktari na wenzake. Niliyoyaelewa ni mawili. Mguu, au wewe."

Nikautazama mguu.

"Mama yako nimemzika mimi. Mama zako wadogo wote wawili nimewazika mimi. Nikasema, hata wakinirudishia nusu yako, naichukua."

"Mbona hukuniamsha?"

"Nikuamshe nikwambie nini?"

Hasira niliyoiweka tangu mwezi wa tatu ikawa haina pa kukaa. Nilikuwa nimekuja kumwonyesha kwamba alikosea, na alikuwa amekosea kweli, nami nilitaka kumkumbatia.

Akasogeza mabibo kwa mguu, akafanya nafasi uani.

"Tembea nikuone," akasema.

Nikainua gauni juu ya magoti, mbele ya mjomba wangu, kovu nje, nikatembea kutoka jikoni mpaka kwenye banda la mbuzi. Nikageuka nikarudi. Sikuchechemea. Alikuwa ameweka mkono mdomoni na machozi yanashuka juu ya mkono ule.

"Tena," akasema.

Nikatembea tena.